Umbopa Kitabuni na Katika Senema
Hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, wanafunzi wangu kadhaa walidhani Mashimo ya Mfalme Sulemani ni hadithi ya Kiswahili tangu asili. Sivyo: Rider Haggard aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1885, naye Frederick Johnson akaifasiri mwaka 1929. Kosa lao ni sifa kwa mfasiri. Kitabuni Umbopa, mrithi wa ufalme, hunena kwa fahari kama mzee wa baraza. Katika senema ya 1937 Paul Robeson alimwigiza, akapewa na nyimbo. Ile ya 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, ilipata tuzo kwa uzuri wa picha zake. Zote mbili zilipachika bibi wa Kizungu asiyekuwamo kitabuni. Na katika hii ya pili Umbopa, mwenye nchi, aliachiwa maneno machache. Mimi ningali namsikiliza kwa Johnson.