Mpelelezi, Mchunguzi, Mtafiti

Shuleni tulikariri mawakala watatu wa ukoloni: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Richard Burton na John Speke walikuwa katika kundi la kwanza. Waingereza huwaita watu wa aina hiyo explorers, neno la sifa, lenye ramani na ujasiri ndani yake. Kiswahili cha darasani kiliwapa jina lilelile tunalompa askari kanzu anayemfuatilia mtuhumiwa. Naliona jina hilo kuwa la haki, kwa sababu linaitazama safari kwa macho ya wenyeji waliopitiwa.

Burton na Speke walikatiza Ugogo mwaka 1857 wakielekea Tabora, wakitafuta maziwa makuu kwa niaba ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Watemi wa Kigogo waliwatoza hongo kama walivyotoza misafara mingine. Leo hongo ni rushwa, tena kuna taasisi ya kuichunguza. Wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita na kutumia maji katika nchi kame. Watemi walitoza vitambaa na shanga. Daftari la Burton halikutozwa kitu. Mwaka 1860 likawa kitabu, chenye vituo vya safari, mahali pa kupata maji na masharti ya kila mtawala njiani. Kabla karne haijaisha, Ugogo ilikuwa chini ya Wajerumani.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kwanza ya maneno haya. Anayepeleleza huficha shabaha yake, na majibu humfaa aliyemtuma. Anayechunguza huweza kufanya kazi yake mbele ya macho yako: daktari huchunguza damu, fundi huchunguza injini. Mkaguzi hulinganisha kilichopo na kilichoandikwa. Mdadisi huuliza kwa kuwa moyo wake unataka kujua. Lakini mtu anayeulizwa hana kamusi mkononi. Yeye hukumbuka yaliyofuata baada ya maswali ya zamani.

Wagogo wana mengi ya kukumbuka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani na baadaye la Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mvua nazo zikakosekana. Ikafuata njaa kubwa, kuanzia mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Katika nchi iliyopita humo, "una ng'ombe wangapi?" si swali jepesi.

Baadaye aliuliza mtu wa nyumbani. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa karibu na Dodoma, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Naye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo hatuwezi kusema alisimama nje ya mamlaka. Ila aliandika kwa Kiswahili, na Mgogo aliyejua kusoma aliweza kukifungua kitabu hicho na kusema, hapa umepatia, hapa umekosea. Waliosimuliwa na Burton hawakuwa na nafasi hiyo.

Neno la kazi hii lilikuwa bado halijatulia. Mwaka 1964 kilianzishwa Dar es Salaam Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ambacho baadaye kikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Wasomi wa wakati huo hawakuona tabu kujiita wachunguzi. Leo msomi ni mtafiti na kazi yake ni utafiti. Uchunguzi tumewaachia zaidi maabara, hospitali na tume, na upelelezi tunausikia mahakamani kila kesi inapoahirishwa kwa kuwa haujakamilika. Wasomi tumejipatia neno safi, lisilonuka polisi.

Nimelibeba neno hilo hadi Hombolo, nikikusanya masimulizi ya wazee kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Hombolo imezoea kuulizwa. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, na kuna bwawa lililojengwa enzi za ukoloni ambalo wataalamu huja kulipima. Mzee mmoja alinisikiliza nikijieleza, fomu ya ridhaa ikiwa mkononi mwangu, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, haya unayoandika yanakwenda wapi?"

Hakujali kama mimi ni mtafiti au mchunguzi. Nilimjibu kwamba yanakwenda chuoni, na kwamba nakala ya Kiswahili italetwa ofisi ya kijiji. Akasimulia kwa saa mbili: mashamba ya zamani, njaa alizosimuliwa na baba yake, mipaka ya malisho. Nilipofika kwenye idadi ya ng'ombe alicheka. "Wapo wa kutosha," akasema, nami nikaandika hivyohivyo.

Tasnifu yangu inaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hiyo nakala ya Kiswahili ni kazi ya pili, isiyo na alama wala msimamizi. Lakini isipofika kijijini, sioni mzee yule atakuwa na sababu gani ya kunitofautisha na wale wa mwaka 1857.