Murgatroyd: Ukoo wa Shamba la Warley

Magharibi ya mji wa Halifax, huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Warley. Ni nchi ya vilima, mvua na upepo, na udongo wake ni mwembamba juu ya mwamba mgumu. Huko ndiko kwenye chimbuko la ukoo wa Murgatroyd.

Katika miaka ya 1370 anatajwa konstebo wa Warley aitwaye John. Konstebo wa enzi zile hakuwa askari wa mshahara. Alikuwa mwanakijiji aliyewekwa na wenzake alinde amani na kusaidia kukusanya kodi. Akina John walikuwa tele kila kitongoji, hivyo huyu akaandikwa kwa mahali alipokaa: John wa Morgateroyde. Katika lahaja ya bonde la mto Calder, "royd" ni ardhi iliyofyekwa msituni ikawa shamba. "Gate" hapa si lango bali ni njia, neno lililoachwa na Waskandinavia, na "moor" ni nyika ya juu vilimani isiyolimwa. Kwa hiyo jina zima ni shamba lililo kando ya njia ya nyikani. Wapo wanaolinasibisha na mwanamke aitwaye Margaret. Mimi naiamini njia ya nyikani, kwa sababu inalingana na nchi yenyewe.

Tusiipite haraka kazi ya kufyeka msitu. Kila "royd" ilidai shoka, visiki kung'olewa kimoja kimoja, mawe kuokotwa na kupangwa kuwa kuta. Mabonde yale yamejaa majina ya jasho hilo: Ackroyd, palipofyekwa mialoni, Holroyd, shamba la bondeni, Boothroyd, shamba lenye kibanda cha wachungaji.

Ardhi haikuwashibisha wakazi wa mabonde hayo, wakaongeza kazi ya sufu. Mume alifuma, mke na watoto wakasokota, kitambaa kikapelekwa sokoni Halifax. Biashara hiyo iliwainua baadhi yao. James Murgatroyd, tajiri wa nguo kutoka Warley, alinunua ardhi ya East Riddlesden karibu na Keighley katika miaka ya 1630, na muongo uliofuata akajenga jumba la mawe ambalo bado limesimama. Tangu 1934 linatunzwa na shirika la National Trust.

Mwaka 1887 watunzi wa opera Gilbert na Sullivan walilipandisha jina hili jukwaani London katika opera ya Ruddigore, wakawafanya akina Murgatroyd mabwana wakubwa waliolaaniwa watende uovu kila siku. Wengi walilijua jina kwa njia hiyo, na inasikitisha, kwa kuwa lilianza na wafyekaji na wafumaji.

Jina kama Smith, lenye maana ya mhunzi, liliweza kuzuka popote palipokuwa na mtu wa kazi hiyo. Akina Murgatroyd wanarudi kwenye shamba moja, na hata sasa jina lao limeshamiri zaidi West Yorkshire, jirani na Warley.