Mashauri ya Wachumi: Dar es Salaam 1979, Johannesburg 1993



Kamati imeniomba niandike machache kuhusu kazi ya mchumi anayeishauri serikali, kwa kuwa vijana wetu kadhaa wameichagua taaluma hiyo na safari hii tunakutana Johannesburg. Nitaeleza mashauri mawili: moja lililokataliwa nyumbani, na jingine lililokataliwa huku.

La nyumbani wazee wanalifahamu. Baada ya vita vya Uganda nchi iliishiwa fedha za kigeni. Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu na Waziri wa Fedha tangu 1977, aliona hapana budi kuafikiana na Shirika la Fedha Duniani, pamoja na masharti yake, likiwamo la kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere alikataa, na Desemba 1979 Mtei akajiuzulu. Mapatano ya 1980 yalivunjika upesi; mengine yalifikiwa 1986, wakati wa Rais Mwinyi. Mliopanga foleni za sukari na sabuni katika miaka hiyo hamhitaji kusimuliwa.

La huku lilikuwa kinyume chake. Mwaka 1991 chama cha ANC, kikijiandaa kutawala, kiliunga mkono jopo la wachumi lililoitwa MERG. Mratibu wake alikuwa Vella Pillay, mzaliwa wa Johannesburg aliyehamia London 1949 na kufanya kazi miaka mingi katika Benki ya China huko. (Yeye pia alikuwa mtu wa ughaibuni, ndugu zangu.) Jopo lilishauri kwamba serikali itangulie kuwekeza katika nyumba, shule, afya na umeme, kwamba kiwekwe kima cha chini cha mshahara kwa sheria, na kwamba Benki Kuu iwajibike kwa serikali.

Ripoti ilitoka mwishoni mwa 1993. Desemba hiyo hiyo Katiba ya mpito iliipa Benki Kuu uhuru wake, na Shirika la Fedha Duniani likaidhinisha mkopo wa dola milioni 850. Viongozi walioiomba kazi ile wakaiweka kando. Kwa maoni yangu, haikushindwa kwa hesabu. Sisi tuliozeekea ofisini tunajua kwamba waraka huhukumiwa pia kwa siku unayofika mezani, na ule ulifika wakati makubaliano yamekwisha kufanyika katika vyumba vingine.

Juni 1996 Waziri wa Fedha, Trevor Manuel, alitangaza sera ya GEAR, iliyotayarishwa na kikundi kidogo cha wataalamu, akasema misingi yake haijadiliwi. Sera hiyo ilitarajia kwamba kufikia mwaka 2000 uchumi ungekua kwa asilimia 6 na ajira 400,000 zingepatikana kila mwaka. Nakisi ya bajeti ilipungua kweli, na hilo si jambo dogo. Ajira zile hazikuja. Watoto wetu waliohitimu hapa wakakaa nyumbani na vyeti vyao wanajua uzito wa tarakimu hiyo.

Pillay alifariki 2004. Kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima kilianza kutumika Januari 2019, randi 20 kwa saa.