Wiski Mezani, Kimea Singida

Siku hizi wiski ndiyo kinywaji cha kupiga nacho picha. Wanaoishika ni wengi, wanaoijua wachache. Cha ajabu, nusu ya somo lake ipo Singida, mkoa ambao watu wanaukumbuka kwa kuku na alizeti tu.

Wanyaturu na Wanyiramba wamelima mtama na uwele toka enzi za mababu. Bibi anayepika pombe analoweka nafaka, anaiacha ichipue, anaianika, anaisaga. Hicho ndicho kimea. Kule kuchipua ndiko kunakosaidia wanga ugeuke sukari, na bila sukari hakuna kilevi. Mskoti anafanya hivyohivyo kwa shayiri. Rekodi yao maarufu ya mwaka 1494 inataja kimea alichopewa mtawa mmoja ili atengeneze "maji ya uhai", na jina wiski lina maana hiyohiyo kwa Kigaeli. Huyo mtawa na bibi wa Iramba wangekutana, wangeelewana bila mkalimani.

Baada ya hapo njia zinaachana. Pombe ya bibi ilinywewa ndani ya siku chache, mara nyingi na majirani waliokuja kusaidia kulima. Haikuwa kitu cha kuweka kabatini. Wiski yenyewe inachemshwa: kilevi kinatangulia kuwa mvuke kabla ya maji, mvuke unapozwa, unadondoka mweupe pee. Ule ukahawia unatokana zaidi na pipa. Sheria ya Scotland inataka angalau miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni, na kilevi kisishuke chini ya asilimia 40.

Sasa hapa ndipo inapouma. Kuchemsha huko Watanzania wanakujua vizuri sana, ndiyo gongo, ndiyo moshi. Ila enzi za Mwingereza chupa ya wiski ilikuwa ya Mzungu klabuni. Mwafrika alibakiziwa pombe ya kienyeji. Uhuru ukaja, na sheria ya mwaka 1966 ikaufanya upikaji wa moshi bila leseni kuwa kosa. Miaka ya 1970 Konyagi ya kiwandani ikashika mtaa. Tuseme ukweli, sheria ilikuwa na hoja: mpishi wa kificho hana kipimo, na pombe iliyoingia methanoli imepofusha na kuua watu. Lakini ujuzi nao ukabaki porini, ukikimbizana na polisi, badala ya kukua.

Turudi kwenye glasi. Anayeanza aweke kidogo, anuse mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha funda dogo likae ulimini. Matone machache ya maji yanafungua harufu, na soda si dhambi. Bourbon ya Marekani, ambayo nafaka yake angalau asilimia 51 ni mahindi, ina utamu unaomfaa mgeni. Wiski nyingi za kisiwa cha Islay zinanukia moshi kabisa. Aliyekulia jiko la kuni hatashtuka.

Kule Scotland pipa linapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza tu. Kwa jua la Manyoni lingepoteza zaidi, lakini mtama upo na wanaojua kimea wapo. Kinachokosekana ni pipa, leseni, na mtu wa kusubiri miaka 3.