Jinsi padi za ngoma zilivyoshuka bei na kupoteza sauti

Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn, mpiga gitaa aliyependa kuchezea saketi, aliingiza sokoni mashine ya ngoma iliyoitwa LM-1. Sauti zake hazikuwa za kuigiza. Zilikuwa ngoma za kweli zilizopigwa na mtu, zikarekodiwa na kuhifadhiwa kwenye chipu. Bei yake ilikaribia dola 5,000, na kwa pesa zote hizo matoazi makubwa hayakuwamo. Toazi hulia muda mrefu, na chipu za wakati ule zilikuwa ghali mno kubeba mlio mrefu hivyo. Ziliundwa kama 500 tu, lakini moja ilimfikia mwanamuziki Prince, na hilo pekee lilitosha kuifanya isikike dunia nzima.

Vitufe vya LM-1 havikupima nguvu ya kidole. Ukigusa au ukigonga, mlio ni uleule. Ilibidi kusubiri hadi 1984, Linn alipotoa mashine ya 9000 yenye padi 18 za mpira zilizojua tofauti ya kugusa na kupiga. Wazo lilikuwa zuri kuliko mashine yenyewe, kwani programu yake ilijaa hitilafu, na mwaka 1986 kampuni ikafunga milango. Akai ya Japani ikamwita Linn wafanye kazi pamoja. Mwaka 1988 ikazaliwa MPC60: padi 16 kubwa, nne kwa nne, ndani ya sanduku moja lenye kurekodi sauti, kupanga midundo na kuihifadhi kwenye disketi. Mpango huo wa nne kwa nne ndio tunaouona hadi leo karibu kwenye kila kifaa cha kupiga ngoma kwa vidole, hata kwenye programu za simu.

MPC60 nayo iliuzwa karibu dola 5,000. Mshindani wake, SP-1200 ya kampuni ya E-mu iliyotoka 1987, ilikuwa nafuu kiasi lakini bado si kitu cha kijana wa mtaani. Uwezo wake wa kurekodi ulikuwa sekunde 10 tu kwa jumla. Maprodyuza wa hip hop wa New York wakabuni ujanja: santuri ya mwendo wa 33 waliizungusha kwa mwendo wa 45 wakati wa kurekodi, ili kipande kirefu kiingie katika nafasi ndogo, kisha ndani ya mashine wakakipunguza kasi kirudi kwenye mwendo wake. Sauti ilitoka na ukwaru, kama iliyopitishwa kwenye msasa. Ilitakiwa iwe kasoro, lakini wakaipenda, na masikio ya kizazi kizima yakazoea kwamba ngoma ya hip hop hulia hivyo. Leo kuna programu zinazouzwa kwa ajili ya kuigiza ukwaru huo tu, jambo ambalo mimi huliona la kuchekesha kidogo.

Kule Detroit, prodyuza J Dilla aliichukua MPC3000, toleo la 1994, akafanya kinyume cha mashine inavyotaka. Kazi ya mashine hizi ni kunyoosha mapigo yaangukie mahali pake barabara. Dilla mara nyingi aliacha vidole vichelewe au viwahi kidogo, na mdundo ukayumba kwa namna inayomfanya msikilizaji atikise kichwa bila kujua kwa nini. Alifariki Februari 2006. MPC yake sasa imo katika makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, Washington.

Katika miaka ya 1980 na 1990 mashine hizi hazikuhitaji kompyuta. Padi, kumbukumbu na sauti vilikaa sanduku moja, unachomeka spika unapiga. Kilichokuja kuvitenganisha kilikuwa kimeshazaliwa mapema, mwaka 1983: MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya kielektroniki, iliyosukumwa na Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Ujumbe wa MIDI hauna sauti ndani yake. Unasema tu ni ngoma ipi imepigwa, na kwa nguvu kiasi gani, kwa namba isiyozidi 127. Sauti yenyewe inaweza kukaa chombo kingine kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kompyuta zilipopata nguvu ya kubeba studio nzima, watengenezaji wakafanya hesabu rahisi. Kama mnunuzi ana kompyuta, ya nini kumuuzia kumbukumbu na saketi za sauti? Akai wakatoa MPD16: padi zilezile, ndani hamna mlio hata mmoja. Zikafuata Trigger Finger ya M-Audio na padKONTROL ya Korg, na baadaye LPD8 ya Akai yenye padi nane, inayoingia kwenye mkoba na iliyouzwa chini ya dola 100. Singeli ya Dar es Salaam ni muziki uliokulia kwenye kompyuta, kwa hiyo huenda wengi huku kwetu hawakuziona padi zenye sauti zake hata kidogo.

Hapo ndipo mtu asiye na kompyuta anaponunua kifaa cha bei poa, akataka kuchomeka hedifoni, na kukuta hakina hata tundu lake. Kukiunganisha moja kwa moja na mashine ya zamani hakuwezekani pia ikiwa kina USB peke yake. USB hutaka mwenyeji, na wageni wawili hawakaribishani. Kwa hiyo ukichagua padi tupu, tafuta yenye tundu la MIDI la pini tano. padKONTROL na Trigger Finger, ambazo siku hizi hupatikana mitumba, zinalo, MPD226 pia. MPD218 na LPD8 ya kwanza hazina.

Simu inaweza kuwa mwenyeji. iPhone na iPad zilitangulia, na Android ilianza kuielewa MIDI yenyewe kuanzia toleo la 6.0 la mwaka 2015. Lakini simu nyingi za bei ya chini huchelewesha sauti, na mpiga ngoma ndiye mtu wa kwanza kuudhika na ucheleweshaji. Spika ya Bluetooth huzidisha ugonjwa, basi tumia waya. Na padi hula umeme wa simu.

Mimi ningenunua kifaa chenye sauti zake. SR-16 ya Alesis ilitoka 1990 na imeendelea kuuzwa kwa miongo kadhaa karibu bila kubadilika: padi 12 zinazohisi nguvu, sauti zaidi ya 200. Padi zenyewe ni ndogo na hazina raha ya MPC, ila tundu lake la MIDI hukuruhusu kuongeza padi bora baadaye. Anayetaka kurekodi sauti zake mwenyewe ana PO-33 ya Teenage Engineering ya mwaka 2018, inayotumia betri mbili ndogo na yenye kipaza sauti na spika yake, ingawa vitufe vyake havihisi nguvu. EP-133 ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka 2023 kwa dola 299, huhisi.

Ukipata ya mitumba, gonga kila padi taratibu kisha kwa nguvu. Inayolia ukiikandamiza tu imechoka, na inayolia mara mbili kwa pigo moja ina tatizo la kihisio. Uliza inahifadhi kazi kwenye nini, maana disketi sasa ni za kuwinda. Halafu geuza usome nyuma: mashine iliyotoka Marekani mara nyingi imeandikwa volti 120, ya Japani 100, na soketi zetu hutoa 230 au 240.