Mlango wa nyuma wa pikapu: uufunge au uulaze? Upepo na mafuta unayochoma njiani

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya za mafuta, na asubuhi ya pili yake wenye pikapu huku Pwani huanza kuulizana hila za kubana matumizi. Mombasa hulipa pungufu kidogo kuliko Nairobi kwa kuwa meli hushusha hapa hapa bandarini. Upungufu huo haumfariji sana mtu anayeleta madafu mjini kutoka Kilifi mara nne kwa wiki, wala mchuuzi wa samaki anayetoka Malindi na barafu inayeyuka nyuma. Kwa hawa, lita moja au mbili kwa safari ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani na kitu au kurudi mikono mitupu.

Hila inayosikika sana ni kuendesha na mlango wa nyuma ukiwa umelazwa. Hoja yake inaingia akilini upesi: mlango uliosimama ni ukuta, upepo unaingia bodi na kuugonga, na injini inabaki kuuburura ukuta huo mpaka Malindi. Wapo madereva wa miaka ishirini wanaoapa kwamba gari huwa jepesi mara tu mlango ukilazwa. Hoja ni nzuri, ila hewa haifanyi hivyo.

Tuanze na upepo wenyewe. Gari linapokwenda, hewa iliyo mbele lazima isukumwe pembeni, na nguvu ya hewa kulizuia gari hukua kwa mraba wa kasi. Ukienda kasi mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, ukinzani huongezeka kwa takriban asilimia 56. Ukifika 110, umeongezeka kwa asilimia 89, yaani karibu maradufu ya ule wa 80. Kabla fundi yeyote hajashika nyundo, basi, mguu wa kulia ndio wenye kazi kubwa kuliko kifaa chochote utakachouziwa, na hauna gharama.

Mjini mambo ni mengine. Anayeshinda kati ya Kongowea na Marikiti akisimama na kuondoka, mafuta yake yanaishia kwenye breki, kwenye foleni na kwenye kuondosha mzigo upya kila baada ya mita mia. Kwa kilomita 30 kwa saa upepo ni mdogo mno kukuhangaisha. Mtu wa namna hiyo apime upepo wa matairi, apunguze vyuma visivyo na kazi ndani ya bodi, na asinunue chochote kati ya nitakavyovitaja.

Sasa mlango. Hewa ikishapita juu ya kichwa cha pikapu, hushuka kuelekea bodi. Mlango ukiwa umesimama, hewa iliyomo bodini hubanwa na kuanza kujiviringa mahali pake, kama maji yanavyozunguka nyuma ya mwamba mkondo unapopita. Ile hewa inayojiviringa huwa kama mto wa kulalia: upepo mkuu unateleza juu yake na kutokea nyuma bila kuugonga mlango kwa nguvu tunayoidhania. Ukiulaza mlango, mzunguko ule unavunjika. Upepo unashuka ndani ya bodi, unavurugika, na nyuma ya gari linabaki eneo kubwa zaidi la hewa iliyochafuka ambalo hulivuta gari nyuma. Watengenezaji wanalijua jambo hili, na pikapu za siku hizi huchongwa, pamoja na ile midomo midogo ya juu ya mlango, kwa hesabu kwamba mlango umefungwa.

Kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kililijaribu suala hili mwaka 2005 kwa pikapu mbili za aina moja zilizojazwa mafuta na kuendeshwa pamoja. Iliyolaza mlango ndiyo iliyoishiwa mafuta kwanza. Waliporudia baadaye wakiongeza namna nyingine, wavu uliofungwa mahali pa mlango ndio uliofanya vyema zaidi. Wavu tunao, tena mafundi wa nyavu hawatupigi chenga huku kwetu, lakini wavu hauzuii nazi kudondoka. Mlango uliolazwa nao una hatari zake: mzigo unateleza, na namba ya gari na taa huweza kujificha zisionekane na aliye nyuma. Ufunge.

Kufunika bodi kwa kifuniko bapa husaidia, ila kidogo. Kinapunguza ukinzani kwa asilimia chache, na si kila asilimia ya upepo hugeuka asilimia ya mafuta. Kwenye barabara kuu, wahandisi hukadiria kwamba ukipunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 10 utaokoa karibu asilimia 5 ya mafuta, kwa sababu sehemu nyingine inaliwa na matairi na msuguano wa mitambo. Tufanye hesabu ya ukarimu. Pikapu inakwenda kilomita 10 kwa lita, na safari ya Mombasa hadi Malindi na kurudi ni kama kilomita 240, yaani lita 24. Hata kifuniko kikiokoa asilimia 5, ni lita 1.2 kwa safari. Kama bei yake ni sawa na lita 300 za dizeli, utahitaji safari 250 kurudisha pesa zako, na zote hizo ni safari ambazo mzigo haukupita kimo cha kifuniko. Kwa mfanyabiashara wa mikungu ya ndizi hilo ni ndoto. Kwa fundi anayebeba vifaa vyake na anataka pia visiibiwe, kifuniko kina maana, lakini ajue kuwa ananunua ulinzi kwanza na mafuta baadaye.

Kuvua vitu hulipa zaidi kuliko kuongeza. Idara ya nishati ya Marekani inaeleza kwamba sanduku kubwa la mizigo lililofungwa juu ya paa huongeza matumizi kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na kwa mwendo wa barabara zao kuu, kilomita 105 hadi 120 kwa saa, asilimia 10 hadi 25. Sanduku kama hilo likifungwa nyuma ya gari, hasara haipiti asilimia 5 kwenye barabara kuu. Sasa tazama pikapu zetu: keria ya juu isiyobeba kitu tangu harusi ya mwaka jana, bampa ya vyuma, taa nne za ziada, springi zilizoinuliwa na matairi mapana kwa ajili ya kupendeza. Kila kimoja kinampa upepo pa kushika. Keria hufunguliwa kwa spana mbili. Na ile plastiki ya chini ya bampa ya mbele, ambayo wengi wameing'oa baada ya kupasuka kwenye matuta, haikuwekwa kwa urembo: inazuia hewa isiingie chini ya gari penye ekseli na mabomba. Irudishe.

Wanaojengewa bodi la kufungwa, la mkate au la samaki, hawa nina neno nao la pekee. Mafundi wetu wa jua kali wanapenda sanduku lenye kona kali kwa sababu bati hukunjwa upesi. Mnamo miaka ya 1970, mhandisi wa NASA aitwaye Edwin Saltzman, aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli na kusukwasukwa na upepo wa malori yaliyompita, alishiriki kujaribu gari lililofunikwa kwa mabati likawa kama kasha la viatu, kule Edwards, California. Walipolainisha kona za wima, mbele na nyuma, ukinzani ulipungua kwa asilimia 40. Walipolainisha na za mlalo, ulipungua kwa asilimia 54, na nafasi ya ndani iliyopotea ilikuwa asilimia 3 tu. Kwa hiyo unapoagiza bodi, mwambie fundi akunje kona za mbele ziwe za mviringo kama bomba, na paa lisipande juu ya kichwa cha gari kuliko unavyohitaji. Mwambie kabla hajaanza kuchomelea, maana baada ya rangi atakudai upya. Na ukibadilisha umbo la bodi, hakikisha rekodi za gari NTSA nazo zinalingana.

Mzigo wa wazi nao una adabu yake. Upange uwe chini na mrefu badala ya kuwa mnara, na turubai ifungwe ikaze. Turubai inayopigapiga ni tanga lililoshikwa vibaya, na nahodha yeyote wa Lamu atakwambia tanga hilo linakwenda upande gani.

Tena tusisahau kusi. Gari linahesabu upepo wote unaolikabili, mshale wa kasi hauonyeshi. Ukitoka Malindi kuja Mombasa mwezi wa Julai kwa kilomita 80, na upepo wa kilomita 20 unakuja usoni, hewa inakupiga kama vile unakwenda 100: ukinzani asilimia 56 zaidi. Ukigeuza, upepo uleule wa nyuma hukupunguzia asilimia 44 tu. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Siku ya upepo mkali, aliye na barafu ya kutosha apunguze kasi kidogo anapokwenda dhidi ya upepo.

Kwa sababu hiyo, ukitaka kujua kama keria uliyoivua imekusaidia, usipime kwa safari moja wala kwa mshale wa tanki. Jaza tanki kituo kilekile, pampu ileile, nenda na urudi njia ileile na mzigo wa uzito uleule, jaza tena, kisha gawa kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kubadilisha kitu na mara tatu baadaye, majira ya upepo uleule. Andika kwenye daftari, si kichwani.