Masasi na Newala, Elimu ya Mila za Wenyeji

Elimu ya mila za wenyeji wa Masasi na Newala ni jumla ya utafiti na utetezi uliofanywa tangu mwanzo wa karne ya 20 juu ya lugha, nyimbo, jando na unyago vya Wamakonde, Wamakua na Wayao wakaao kusini-mashariki mwa Tanzania. Mwaka 1906, baada ya Vita vya Maji Maji kupita Masasi, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizuru nchi hiyo akiwa na fonografu, akanasa sauti za waimbaji katika silinda za nta, na mwaka 1908 akachapisha habari za safari yake.

Mtetezi mashuhuri alikuwa Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, ambaye, badala ya kuharimisha jando kama walivyofanya wamisionari wengi wa zama zake, aliliona kuwa ni madrasa ya adabu na heshima, akaridhia kumbi za wavulana wa Kikristo, ambamo maombi kwa mizimu yaliachwa, zikashika nafasi yake sala na baraka za kasisi, hali tohara na mafunzo ya wazee vikidumu. Kasisi Lyndon Harries alitoa mwaka 1944 risala juu ya jando la Wamakonde; na mwanahistoria Terence Ranger, mwaka 1972, aliichambua kadhia ya Masasi, akibainisha sehemu kubwa waliyokuwa nayo makasisi na walimu Waafrika katika mabadiliko hayo.